Moja Iliyobaki Mkononi

Nimefundisha kujumlisha kwa miaka mingi kuliko miaka niliyokaa na mume wangu, Mungu amrehemu. Sikuwahi kufikiri kwamba hesabu ya kujumlisha ingenipandisha kilima mbio, mwavuli mkononi, nikapiga vigelegele mbele ya kengele ya kigango kabla ya saa sita mchana. Mungu ana namna zake za kumchekesha mzee. Namshukuru, na siku hiyo nataka kuiandika wakati bado inanichekesha.

Oktoba ilikuwa inaisha. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, ile ya kutania wakulima, lakini iliitosha mibuni. Ilichanua yote kwa pamoja, mteremko mzima ukawa mweupe kuanzia mtoni hadi juu kwenye mgongo wa kilima, na harufu yake iliingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Ndipo mjukuu wangu alipofika na kompyuta yake begani na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, mkononi.

Huyu ni mtoto wa binti yangu aliyeolewa Liuli, kule chini ziwani. Baba yake ni mvuvi, Mwanglikana wa kuzaliwa, mtu mwema anayesali kwa sauti kubwa kuliko sisi Wakatoliki wote wa huku juu. Mjukuu alisoma mambo ya kompyuta chuoni, akamaliza, akarudi nyumbani, akakaa. Kuna kampuni moja mjini inayochukua vijana kuwafundisha kazi, lakini kwanza inawapa mtihani wa kuandika programu kwa njia ya mtandao. Alikuwa ameshaujaribu mara mbili na mara zote mbili alikwama. Hii ilikuwa ya tatu, na kwa sheria yao hakuna ya nne.

Baba yake alikuwa amemwambia wakati anapanda gari, "Ya tatu ikikataa, mwanangu, rudi tuanike usipa. Samaki haulizi cheti."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mjukuu wangu aliyarudia maneno hayo mara tatu jioni ile ya kwanza, tukiwa tunakula usipa wenyewe, nikajua yamemkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Alikuwa amepewa siku tatu. Mwisho ulikuwa siku ya thelathini na moja, saa sita mchana. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mezani kwangu, amesukuma Biblia na miwani yangu pembeni kwa heshima, anaandika.

"Wamekuuliza nini?" nikamwuliza.

"Kujumlisha, Bibi."

Nilicheka mpaka nikakaa. "Kujumlisha! Umetoka Liuli na kompyuta kuja kujumlisha kwa mwalimu wa darasa la tatu?"

"Siyo kujumlisha kwa kawaida. Namba zimewekwa kwenye mnyororo."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtoto, maana mimi ndivyo nilivyoeleza watoto wa watu maisha yangu yote. Akageuza kiti.

"Kompyuta ina sanduku la kuwekea namba, Bibi, na sanduku lina ukubwa wake. Namba ikiwa ndefu sana haiingii. Kwa hiyo tunaikata. Kila tarakimu inapewa chumba chake. Ndani ya chumba kuna vitu viwili tu: tarakimu yenyewe, na anwani ya chumba kinachofuata."

"Na chumba kilichopita?"

"Hakijui."

"Na cha tatu mbele?"

"Hakijui. Kinamjua jirani mmoja tu, anayefuata."

Nilinyanyuka nikaenda kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, nikaipiga kwa kidole. "Basi mimi nina mnyororo wako hapa, na mwezi huu wote nimeuendesha bila kompyuta!"

Ni lazima nieleze. Mimi ni katekista wa kigango chetu, tawi la parokia huku upande wa Mapera. Watu wananiita Mwalimu, na sijui kama ni kwa ajili ya hesabu au kwa ajili ya katekisimu. Kila Oktoba, mwezi wa Rozari, picha ya Mama Bikira Maria inatembea katika jumuiya yetu. Inaanzia nyumba ya chini kabisa, karibu na mto, na kila jioni inapanda nyumba moja. Watu wanasali hapo, picha inalala hapo, kesho yake inahama. Siku ya Watakatifu Wote, asubuhi, nyumba ya mwisho inaileta kanisani.

Zamani orodha ya nyumba ilibandikwa mlangoni mwa kanisa, na ilikuwa fujo. Huyu anaona siku yake imeangukia gulio, anabadilishana na yule. Yule anaomba asogezwe mbele kwa sababu hajapaka chokaa. Wiki ya pili ikifika, Mama wa Mungu mwenyewe hajui atalala wapi. Nilipokabidhiwa kazi hiyo niliificha orodha. Kila nyumba naiambia neno moja tu: ukimaliza, mpeleke kwa fulani. Kwisha. Hakuna anayejua zaidi ya mlango mmoja mbele yake, na picha haijapotea tena.

Mjukuu wangu alisimama kabisa. "Bibi! Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyohiyo!"

"Ngoja. Mwezi wa tisa familia moja imehamia Ngaka, baba amepata kazi kwenye malori ya makaa ya mawe. Walikuwa katikati ya orodha. Nilichofanya ni kwenda kwa jirani wa chini yao nikamwambia, wewe sasa mpeleke kwa yule wa juu yao. Wengine wote hawakuhitaji kuambiwa."

"Umefuta chumba," akasema, ameshika mdomo. "Bibi, hivyo ndivyo inavyofundishwa chuoni. Muhula mzima tulifundishwa hilo."

Nilifurahi, sikatai. Nilizunguka nyumba siku hiyo nikiwa na kifua mbele. Nilimpinga jambo moja tu, kwamba mnyororo wake ulianza na mamoja, kisha makumi, kisha mamia, namba imegeuka nyuma mbele kama mtu aliyevaa kanzu gizani. Nikamwambia namba inasomwa kuanzia kwenye kubwa. Akaniuliza, "Lakini ukijumlisha, Bibi, unaanzia wapi?" Nikamwambia naanzia kwenye mamoja. Nikaenda kuchambua maharage.

Jioni hiyo programu yake ilikuwa tayari. Nyumbani kwangu hakuna mtandao. Unapatikana juu, nyuma ya kanisa la kigango, tena mahali pamoja tu, hapo ilipotundikwa kengele yetu, ambayo ni rimu ya lori. Alipanda, akatuma, akashuka akiburuta miguu. Mashine ya kampuni ilikuwa na majaribio kumi na mawili. Kumi na moja yamepita. Moja limekataa.

"Lipi?"

"Hawasemi. Wanaficha namba. Wanasema tu: kumi na moja kati ya kumi na mawili."

"Kumi na moja ni mengi."

"Bibi, hawachukui kumi na moja. Mara ya kwanza nilipata tisa, mara ya pili nikapata kumi na moja kama haya."

Kesho yake, siku ya thelathini, tulishinda mezani. Nilikuwa namtajia hesabu, anaziingiza, tunatazama. Mia mbili arobaini na nane kujumlisha thelathini na saba. Nane na saba kumi na tano, andika tano, moja mkononi. Nne na tatu na ile moja, nane. Mbili inashuka peke yake. Mia mbili themanini na tano. Sawa. Nikampa nyingine. Sawa. Nikampa za tarakimu tatu kwa tatu, nne kwa mbili. Sawa, sawa, sawa. Kila ikija sahihi mimi nafurahi na yeye anazidi kununa.

"Labda ni pale mnyororo mmoja unapokuwa mfupi sana," akasema. "Mmoja una vyumba viwili, mwingine mia."

Hapo ndipo mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyesali rozari kila siku ya maisha yake, nilipotoa ushauri. Nilichomoa rozari mfukoni nikaiweka mbele yake.

"Mnyororo ni huu," nikasema. "Chembe zikiisha, unarudi mwanzo. Ule mfupi uufunge, uzunguke, mpaka ule mrefu umalize."

Alinitazama. Alikuwa amechoka, na mimi ni bibi yake, tena mwalimu. Akaufunga. Akabonyeza.

Kompyuta ilianza kuvuma. Mwanzoni kidogo, kisha kama mashine ya kukoboa mahindi. Tarakimu zilimiminika kwenye kioo, zikapanda, zikapanda, hazikuisha. Meza ikapata joto.

"Bibi," akasema, mikono yote miwili kichwani, "mashine imeanza kusali rozari, na haina Amina!"

Aliizima kwa nguvu, lakini betri ilikuwa imeshanywewa. Sola yangu ni ndogo, ni ya taa na simu. Ilibaki chaji ya kutosha kazi moja, na tena kwa haraka. Kisha akaanza kucheka, nikaanza na mimi, tukacheka hadi machozi, ingawa ya kwake nadhani hayakuwa ya kucheka tu.

"Kwa rozari siwezi kukulaumu," akasema akijifuta. "Lakini mnyororo wangu lazima uwe na mwisho, Bibi. Chumba cha mwisho lazima kiseme: baada yangu hakuna."

Jioni tulikwenda kumpokea Mama katika nyumba ya thelathini, ya mwisho kwenye orodha yangu. Ni ya mama mmoja muuza togwa, mwenye watoto wanne wa kiume na sauti ya kuitisha mkutano wa kijiji bila kipaza sauti. Tulisali vizuri. Mjukuu wangu aliongoza fungu moja la rozari.

Asubuhi ya siku ya mwisho niliamka nikapika uji. Hakuugusa. Alikuwa ameiwasha kompyuta kwa dakika chache, anasoma mstari kwa mstari, kidole kinatembea, kisha anaizima kutunza chaji, anafumba macho, anaiwasha tena. Saa tatu ikapita. Saa nne. Nilijifanya nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ndipo tuliposikia muuza togwa kabla hajafika. Alikuwa anapanda na mama anayeongoza kwaya yetu, wanabishana njia nzima.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kuna nini?"

"Mgeni wangu," akasema muuza togwa, anahema. "Leo jioni nimpeleke kwa nani?"

"Mgeni gani?"

"Mama! Nimempokea jana, leo anatakiwa kuhama. Hujaniambia anayefuata."

"Wewe ndiye wa mwisho. Kesho ni Watakatifu Wote, unamleta kanisani."

"Kesho ni kesho, Mwalimu. Mimi nauliza leo."

Nilikwenda kwenye kalenda. Nikahesabu kwa kidole. Nikahesabu tena kwa ukucha. Oktoba ina siku thelathini na moja. Nilipopanga, nilikuwa na nyumba thelathini na moja, na nilijivunia jinsi zilivyolingana. Kisha nikaifuta ile iliyohamia Ngaka, nikaunganisha ya chini na ya juu vizuri kabisa, na sikukumbuka kwamba siku yake haikuhamia Ngaka pamoja nao. Mwalimu wa hesabu!

"Kosa ni langu," nikasema. "Alale tena kwako."

"Hapana!" akaruka kama ameguswa na kaa la moto. "Mwaka juzi alilala siku mbili kwa mtu kwa sababu ya mvua, na mpaka leo mnasema huyo mtu alimzuia Mama ili apate mtoto wa kiume."

"Na akampata," akasema mama wa kwaya.

"Ndiyo hilo! Mimi ninao wanne, wananila kama nzige. Sitaki wa tano."

Mama wa kwaya alicheka, kisha akapunga mkono. "Mnajisumbua bure. Tumpeleke kanisani leoleo. Nyumba zimeisha, siku imebaki moja. Hiyo moja tuiache tu. Nani atahesabu?"

Kwenye meza kijiko kilianguka.

"Rudia, mama," akasema mjukuu wangu.

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema sasa hivi. Tafadhali."

Mama wa kwaya alinitazama kama anauliza kama mtoto ni mzima. "Nimesema nyumba zimeisha, siku imebaki moja, tuiache tu."

"Ndicho inachofanya!" Alisimama, kiti kikaanguka, uji ukamwagika hadi kwenye Biblia. "Bibi, ndicho inachofanya! Nipe hesabu! Siyo hizi za darasa la tatu. Nipe ile ya kuwaliza watoto!"

Hapo nikaelewa na mimi. Maisha yangu yote nimechagua hesabu za upole. Nampa mtoto namba ambazo mwishoni, upande wa kushoto, zinatulia zenyewe, asije akabaki na kitu mkononi na kulia. Jana yake kutwa nzima nilikuwa nimempa mjukuu wangu hesabu za kumbembeleza.

"Mia tisa hamsini na nane," nikasema, "kujumlisha sitini na saba."

Akaingiza. Kwa mpangilio wake wa kuanza na mamoja, kioo kikaonyesha: tano, mbili, sifuri. Basi.

"Ni kosa?" akauliza muuza togwa, ameinama kati yetu.

Nikachukua kipande cha chaki, sijawahi kukosa chaki mfukoni, nikaandika mezani. "Nane na saba, kumi na tano. Andika tano, moja mkononi. Tano na sita, na ile moja, kumi na mbili. Andika mbili, moja mkononi. Tisa, huku hakuna mwenzake, na ile moja, kumi. Andika sifuri, moja mkononi. Vyumba vimeisha."

"Na hiyo moja iko wapi?"

"Mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa kompyuta. Imeona vyumba vimeisha pande zote mbili, ikaitupa."

"Imeitupa!" Muuza togwa alishika kiuno. "Si ndiyo ile elfu? Jibu si elfu moja na ishirini na tano? Imetupa elfu nzima ikatuachia ishirini na tano! Hata mimi sifanyi hivyo na sikumaliza la saba."

"Na mimi ndiye niliyesema tuiache," akasema mama wa kwaya polepole.

Mjukuu hakutusikia. Vidole vilikuwa vinakimbia. Aliandika mstari mmoja tu, mfupi kuliko wa zaburi, na alikuwa anausema kwa sauti huku anauandika. "Kama vyumba vimeisha, na mkononi bado kuna kitu, jenga chumba kipya mwishoni, ukiweke humo." Akabonyeza. Tano, mbili, sifuri, moja.

Tulipiga kelele wote wanne. Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema Aleluya, ingawa muuza togwa anadai nilisema neno la Kimatengo ambalo katekista hapaswi kulijua.

"Saa ngapi?" akauliza mjukuu.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini, na chaji ilikuwa ya kuhesabia pumzi. Akaifunga kompyuta, akaikumbatia, akatoka mbio kupitia kwenye mibuni, maua yakimwangukia kichwani kama harusi. Nilichukua mwavuli, sijui kwa nini, hapakuwa na mvua wala jua kali, nikamfuata. Wale wawili wakanifuata mimi.

"Polepole Mwalimu, utaanguka!"

"Nikianguka nipitieni juu!"

Katikati ya kilima tulipumzika kwa kukosa hiari. Muuza togwa akapata nafasi ya kurudia shida yake, maana yeye si mtu wa kusahau. "Mtoto amejenga chumba chake. Mimi je? Mama wa Mungu nitamjengea nyumba gani kufikia jioni?"

Mama wa kwaya, aliyekuwa ameshika magoti anahema, akanyoosha kidevu kuelekea juu ya njia. "Si kuna yule mwalimu mgeni? Nyuma ya mibuni yako. Mke wake husali na sisi, hukaa benchi la nyuma."

Nilipaona. Paa jipya la bati, nguo za mtoto kwenye kamba. Mwalimu huyo alihamishiwa hapa kutoka mkoa wa kaskazini kabisa tangu Agosti, na kila Jumapili mke wake alinisalimia, shikamoo yake ya heshima, nami naitikia na kupita. Sikuwaandika. Nilijiambia watumishi wa serikali leo wapo kesho hawapo, kwa nini kuwasumbua. Njia yangu iliishia kwa muuza togwa, na baada yake niliona mibuni tu.

"Mungu anisamehe," nikasema.

"Akusamehe tukitembea," akasema muuza togwa, "mtoto ameshafika."

Tulimkuta amepiga magoti chini ya rimu ya lori, kompyuta kwenye jiwe, simu ameinua juu kwa mkono mmoja kama padre anayeinua hostia, anatafuta mtandao. Ulikuwa unakuja na kuondoka. Kisha ukaja.

"Imekwenda," akanong'ona.

Majaribio yakaanza kutokea, moja moja, kila moja na alama ya kijani. Moja. Mbili. Tatu. Tulihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Saba. Nane. Kumi na moja.

Ikasimama.

Nilisali Salamu Maria nzima, nikaanza ya pili. Nilimwona baba yake akilini, nikaziona chanja za usipa kando ya ziwa, na siku zote za mtoto huyu mezani kwangu, nikasema moyoni, Mama, umelala nyumba thelathini, hii ni ya thelathini na moja, usiipite.

Kumi na mbili. Kijani.

Chini yake kulikuwa na maneno. Aliyasoma mara mbili kabla sauti haijatoka. "Umepita hatua hii. Tutakuita kwenye usaili." Na hapohapo kompyuta ikazimika, kioo cheusi, kazi yake imeisha.

Mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Nakiri. Mama wa kwaya akadakia, na muuza togwa, ambaye vigelegele kwake ni kitu kidogo, akachukua kile chuma cha kugongea kengele akaigonga rimu kwa nguvu za mama wa wana wanne. Ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Watu mashambani wakasimama, wakavua kofia, wakaweka majembe chini. Walidhani ni saa sita. Kijiji kizima kikasali Malaika wa Bwana, sala ya saa sita, dakika ishirini kabla ya wakati, na kwa mujibu wa mama wa kwaya hakuna sala iliyowahi kuwahi kiasi kile.

Mjukuu alimpigia baba yake simu palepale. Tulimsikia wote, maana Mwanglikana yule hana sauti ndogo.

"Baba, nimepita!"

"Yote?"

"Yote kumi na mawili!"

Upepo wa ziwa ukavuma kwenye simu. Kisha, "Sasa usipa wangu ataanika nani?" Halafu akaanza wimbo wa kumshukuru Mungu, na mjukuu wangu akaisogeza simu mbali na sikio, analia na kucheka.

Saa kumi jioni tulimtoa Mama kwa muuza togwa. Mimi mwenyewe mchana nilikuwa nimekwenda kubisha mlango chini ya lile bati jipya, nikaomba msamaha kwanza na nafasi baadaye. Mke wa mwalimu alinisikiliza, mtoto mgongoni, kisha akaniuliza tu watu watakuwa wangapi, ili aazime mikeka. Tulipofika na picha tukiimba, kizingiti kilikuwa kimemwagiwa maua ya mibuni, na mume wake alikuwa amesimama mlangoni na shati lililopigwa pasi, anatokwa jasho kama bwana harusi. Tulisali mafungu yote. Hakuna aliyeharakisha.

Baada ya litania, watu wakiwa wanakunywa togwa iliyoletwa bure kwa mara ya kwanza katika historia ya jumuiya yetu, mke wa mwalimu alinisogelea. Alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, hajataka kuiweka chini.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Kesho nimpeleke kwa nani?"

"Kanisani, mwanangu. Baada yako hakuna nyumba. Wewe ndiye wa mwisho."

Nilimwona mjukuu wangu, aliyekuwa anamchezesha mtoto wa yule mama karibu yetu, akitabasamu chini chini.

"Na mwakani?" akauliza yule mama. "Nitakuwa wa ngapi?"

"Hilo huwa siambii mtu," nikamjibu. "Mwakani jirani yako wa chini nitamwambia, ukimaliza, mpeleke kwa mke wa mwalimu. Na wewe nitakuambia mlango unaofuata."